Isihaka Mlaza Mbwa

“Mimi sijawahi kumlaza mnyama akasahau kuamka! Hata simba mkiniletea, nitamlaza, atapasuliwa, atashonwa, halafu ataamka aniulize mke wangu hajambo.”

Maneno hayo Isihaka bin Muhidini aliyatamka siku ya pili ya Idi, mwaka 1957, kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko la Mbeya, mbele ya watu wasiopungua ishirini. Kanzu yake ilikuwa mpya na tumbo lake lilikuwa na pilau, vitu viwili vinavyomfanya mwanamume aongee kuliko mshahara wake. Watu walicheka. Asiyecheka alikuwa Zubery, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kucheka mzaha ambao hakuutunga mwenyewe.

“Na huyo simba ukishamshika,” Zubery aliuliza, “utanawa mara ngapi?”

“Simba si mbwa. Mara moja inatosha.”

“Shukuru basi. Maana kwa mbwa peke yake Mwantumu keshamaliza mto mzima.”

Hapo ndipo benchi zima lilipoangua kicheko, na Isihaka akainywa kahawa yake kwa uso wa mtu anayesubiri zamu.

Zubery alikuwa amegusa penyewe. Isihaka alikuwa dresa wa mifugo, msaidizi wa Bwana Mifugo wa serikali. Alizaliwa Iringa, mjukuu wa mtu wa pwani aliyepanda bara na misafara akashindwa kurudi, na alijifunza kazi yake Mpwapwa, akitarajia maisha ya ng’ombe. Mbeya ikampa mbwa. Mbwa wa wazungu, mbwa wa Wahindi, mbwa wa wakulima waliokwaruzwa na nguruwe pori. Naye alikuwa Mwislamu wa kweli, mwana wa madrasa, kwa hiyo akirudi nyumbani kutoka kazini hakuvuka kizingiti. Mlangoni palikuwa na debe la udongo safi na pipa la maji. Mwantumu, mke wake, alishika kata na kumimina, mara ya kwanza kwa udongo, kisha maji matupu, huku akihesabu kwa sauti mpaka saba. Majirani waliijua hesabu hiyo kama wanavyoijua adhana. Akihesabu kwa ukali, walijua siku hiyo mbwa alimlamba mumewe usoni.

Jambo la pili ambalo mji mzima ulilijua ni kwamba Isihaka alishuku kila kitu. Alishuku mizani, akaipima kwa mawe yake mwenyewe. Alishuku chupa za dawa, akazichora alama ya penseli usawa wa dawa kila jioni, asubuhi akaja kutazama kama zimeshuka. Watu walidhani ni tabia ya ubahili. Haikuwa hivyo. Kazi ya kulaza wanyama ina ubaya wake: mgonjwa hasemi, na mwenye mgonjwa husema uongo. Mkulima mmoja alimwapia kwa mbingu na ardhi kwamba mbwa wake hajala tangu jana. Mbwa yule alipolazwa mezani alitapika utumbo wa mbuzi mzima, karibu apaliwe na kufa. Tangu siku hiyo Isihaka aliposikia “wallahi” kutoka kwa mwenye mbwa, alisogeza ndoo karibu.

Basi mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imefika kwenye mifupa na mlima Loleza haujaonekana kwa siku tatu, akaja Kumud.

Kumud alikuwa mke wa Mahendra, mwenye duka la vitambaa. Alikuja na mbwa jike mwekundu, Rani, mbwa aliyeachwa na mchimba dhahabu mmoja wa Chunya alipofilisika na kurudi kwao. Rani alilinda duka usiku na kumlinda Kumud mchana, na kwa Kumud, ambaye hakujaliwa mtoto, kazi ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Sasa mbwa alikuwa amevimba tumbo na kuvuja usaha nyuma. Bwana Kendrick, yule Mwingereza aliyekuwa Bwana Mifugo, alimpapasa, akasema kizazi kimeoza. Kikitolewa kesho, mbwa ana nafasi. Kisipotolewa, hafiki Ijumaa.

Kupasua ilikuwa kazi ya Bwana Kendrick. Kulaza ilikuwa ya Isihaka. Alivuta daftari.

“Amekula lini, mama?”

“Leo asubuhi.”

“Kuanzia jioni asile kitu. Ana ugonjwa mwingine?”

“Hapana.”

“Amewahi…”

“Hapana,” alisema Kumud.

Isihaka aliinua kalamu. “Swali lenyewe sijalimaliza bado, mama.”

Kumud alitazama dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu ila ukungu.

Isihaka alifungua kinywa cha mbwa. Ukingo wa ulimi, upande wa kushoto, ulikuwa na makovu, mojamoja, kama ukingo wa shuka lililoliwa na panya. Akamtembeza chumbani. Miguu ya nyuma ilipishana, mbwa akayumba kama mtu anayetoka kilabuni, na bado hakuna aliyemchoma sindano yoyote. Isihaka aliandika yote mawili, akayachorea mstari.

“Ulimi huu umekuwaje?”

“Alikula mfupa.”

Nyumba ya Kumud haikuwa imeingiza mfupa tangu ijengwe. Wao walikula dengu, mboga na samli, na mbwa wao vilevile. Mji mzima ulijua kwamba mbwa wa Mahendra ni Banyani.

“Asubuhi,” Kumud aliuliza taratibu, “anaweza kula chapati kidogo? Kidogo tu, kama kidole.”

“Hata harufu ya chapati asinuse. Na usiku huu analala hapa bandani. Najua roho za akina mama.”

Kumud aliondoka akitazama nyuma mara nne. Isihaka alizihesabu.

Nyumbani, Mwantumu alipokuwa akimimina maji ya nne, Isihaka alisema, “Mama Bibie, yule Mhindi ananificha jambo.”

“Tano. Kila mtu anakuficha jambo, Baba Bibie. Juzi ulisema kuku wetu anakuficha mayai.”

“Na alikuwa anayaficha.”

“Sita. Ni kweli, alikuwa anayaficha. Simama vizuri, maji baridi haya.”

Alilala vibaya. Kichwani aliunganisha vitu. Mwezi uliopita aligombana na Mahendra dukani kwa sababu ya khanga iliyofuliwa mara moja ikawa leso. Alimwambia maneno mazito mbele ya wateja. Na Zubery, yule yule wa benchi la kahawa, cherehani yake ilikaa wapi? Barazani kwa Mahendra! Kila siku wawili hao wanatazamana. Sasa ghafla Mahendra ana mbwa anayetaka kulazwa na mtu aliyejitapa hadharani kwamba hajawahi kuua. Kama mtu alitaka kumvunjia jina, angetafuta njia gani nyingine? Unampa mbwa sumu polepole, unampeleka kwa Isihaka, anakufa mezani, halafu jioni Zubery anauliza kwenye benchi, kwa upole, kama simba hajambo.

Kwa hiyo baada ya sala ya alfajiri hakurudi nyumbani kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja kazini, akapita nyuma ya ghala, akasimama ukutani. Na kweli. Kumud alikuwa amechuchumaa mbele ya banda, shali imemfunika mpaka pua, mkono wake umepita kwenye waya. Mkononi palikuwa na kipande cha chapati, kimekunjwa kama barua.

“Nimekukamata!”

Kumud alishtuka, chapati ikaanguka. Rani aliilamba mara mbili, polepole, kama aliyechoka. Isihaka aliwahi kuivuta kabla haijamezwa. Akaikunjua. Ndani, katikati ya samli, palikuwa na kidonge kidogo cheupe.

“Hiki nini?”

“Chapati.”

“Ndani ya chapati.”

“Dawa ya… ya tumbo.”

“Tumbo gani? Mumeo anajua? Zubery anajua? Nani kakutuma?”

Kumud alibana midomo. Isihaka alimwita askari kwa kutisha tu, askari hayupo. Akamwambia atampeleka kwa Bwana. Akamwambia mbwa hatapasuliwa. Mwanamke alitikisa kichwa, akang’ang’ania waya wa banda.

Hapo Isihaka alifanya jambo ambalo alilisimulia maisha yake yote kwa aibu kidogo na majivuno mengi.

“Vizuri,” alisema. “Kama ni dawa ya tumbo, mimi tangu jana tumbo linaniuma.” Akakiinua kile kipande cha chapati, chenye mate ya mbwa yanayong’aa, akakipeleka kinywani.

Kumud alimwona Isihaka. Isihaka wa debe la udongo! Mtu ambaye mbwa akimgusa kiatu tu mkewe huamka kutafuta kata, sasa anataka kumeza mate ya mbwa kwa hiari yake. Hakufikiri kwamba anatishwa. Kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya kufikiri hivyo. Aliona mtu aliyekwisha amua.

“Usile, bwana!” alipiga kelele, akamshika mkono. “Usile! Wewe huna kifafa!”

Hata Rani alisimamisha mkia.

Isihaka alishusha mkono, akaitazama chapati, kisha akaiweka juu ya jiwe kwa vidole viwili, kwa haraka sana.

“Tangu lini?”

“Miaka miwili,” alisema Kumud, na sasa maneno yalitoka kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Mbwa alianza kuanguka mvua za mwaka juzi. Hulala ubavu, miguu inapiga, povu linatoka, anauma ulimi. Dakika mbili, tatu, anaamka hamjui mtu, baadaye anamjua. Kaka yake Kumud huko Iringa ana duka la dawa. Kila mwezi humtumia vidonge kwa posta, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akivipata, haanguki, ila anayumba. Jana jioni hakukipata kwa sababu alikuwa bandani. Kumud hakulala. Aliogopa asubuhi atamkuta ameanguka.

“Kwa nini hukusema jana, mama? Nilikuuliza!”

“Nikisema mbwa anatoa povu, wewe utaniletea nini? Dawa au askari?”

Mwaka ule kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia Chunya, na amri ilikuwa imetoka: mbwa anayetetemeka na kutoa povu apigwe risasi, maswali yaulizwe baadaye. Na Rani alitoka Chunya.

Isihaka alikumbuka sindano alizozipanga jana kwenye sinia. Ya kwanza ilikuwa ile dawa mpya ya kutuliza, aliyoletewa Bwana Kendrick, ambaye aliipenda mpaka akaamuru kila mbwa aanze nayo. Ya pili ilikuwa dawa ya usingizi, kipimo kamili kwa uzito. Isihaka alikuwa mtu pekee katika ofisi ile aliyesoma karatasi za ndani ya maboksi, kwa sababu alizishuku pia. Karatasi ya dawa mpya ilionya juu ya wagonjwa wa kifafa: huweza kukiamsha. Na dawa ya usingizi ilikuwa ndugu wa damu wa vile vidonge vya Iringa. Ukimimina kipimo kizima juu ya vidonge ambavyo vimo tayari mwilini, unamsukuma mbwa usingizini mpaka anapita upande wa pili. Angeanguka kifafa tumbo likiwa wazi, au angelala moja kwa moja. Na Isihaka angeapa mpaka Kiyama kwamba amewekewa sumu.

Alichukua kidonge kingine kutoka kwa Kumud, bila chapati, akakisukuma nyuma ya ulimi wa Rani na kumwagia maji kidogo. Mkono wake wote ulilowa mate. Hakunawa. Palikuwa na mambo ya kufanya kwanza.

“Nenda nyumbani,” alisema. “Niletee bahasha zote alizokutumia kaka yako. Usitupe hata moja.”

Saa mbili Bwana Kendrick alifika, kofia mkononi, pua nyekundu.

“Mbwa huyu ana kifafa, Bwana.”

“Kifafa au kichaa?”

“Kichaa hakimngojei mbwa miaka miwili. Kingekwisha muua ndani ya siku kumi.”

“Nani kakwambia miaka miwili?”

“Mwenye mbwa.”

Bwana Kendrick alimtazama kwa jicho ambalo Isihaka alilijua vizuri, maana lilikuwa lake mwenyewe. “Isihaka, wewe husema kila siku kwamba wenye mbwa ni waongo.”

“Waongo, Bwana. Lakini huyu leo amesema kweli kabla hajajua kwamba anasema. Na bahasha hizi hazina ulimi.”

Zilikuwa ishirini na mbili. Bwana Kendrick alizipanga mezani, akasoma mhuri wa posta wa Iringa moja baada ya nyingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka mvua za mwaka juzi. Kisha akaichukua sindano ya dawa mpya kutoka kwenye sinia, akairudisha kabatini.

“Etha?” aliuliza. Hiyo ndiyo dawa ya kunusishwa.

“Atapigana nayo kabla hajalala. Sitaki ashtuke. Bora ya mshipa, Bwana. Nusu ya kipimo ndani ya bomba, nayo isiingie yote. Nitampa kidogo, ningoje, nitazame. Akilala kwa robo, basi robo inatosha.”

“Utachelewa.”

“Nitachelewa.”

Walimfunika Rani blanketi, wakaweka chupa za maji moto ubavuni, wakafunga pazia. Isihaka aliingiza sindano kwenye mshipa wa mguu wa mbele na kusukuma kidogo, kama anayetia chumvi mchuzi wa mtu mwingine. Akangoja. Akagusa kona ya jicho: jicho likapepesa. Akasukuma tena. Akangoja. Bwana Kendrick alikohoa. Isihaka hakumsikia. Alibana katikati ya vidole vya mguu: mguu haukuvutwa. Akagusa jicho: limetulia. Kwenye bomba ilibaki zaidi ya nusu ya ile nusu. Akapitisha mpira wa hewa kooni, akaweka mkono wake kifuani mwa mbwa, na hakuuondoa hapo mpaka uzi wa mwisho ulipofungwa, akihesabu pumzi kama Mwantumu anavyohesabu kata.

Saa nne na nusu kazi ilikwisha. Kizazi kilijaza karai.

Saa sita Rani hakuwa ameamka. Saa saba, vilevile. Habari katika mji ule haikuhitaji simu. Saa nane Mahendra alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake, kwenye senyenge, Zubery na wenzake watatu waliokuwa “wanapita tu.”

“Dresa!” Zubery aliita. “Simba keshauliza hali ya mkeo?”

“Anasubiri mkeo wewe aamke kwanza.”

Jibu lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Ndani, Isihaka alikuwa amepiga magoti sakafuni, sikio kifuani mwa mbwa. Moyo ulikwenda. Pumzi zilikwenda, nyembamba. Lakini je, hata kidogo kile kilizidi? Au vidonge vya Iringa vilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani? Alijishuku mwenyewe, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

“Umemuua,” Mahendra alisema kwa sauti ya chini. “Useme tu, nimpe mke wangu habari polepole.”

“Sijamuua. Nyamaza, naye anasikiliza.”

Saa tisa Kumud alikuwa ameingia na kuchuchumaa kando ya mbwa, ndipo miguu ya Rani ikaanza kupiga. Mmoja, kisha yote minne. Kumud akajifunika uso. “Ndicho hicho! Kimekuja!”

Bwana Kendrick alinyanyuka kuelekea kabatini. Isihaka aliinua mkono: ngoja. Miguu ilipiga kama inayokimbia, lakini shingo ilikuwa laini na taya halikukazwa.

“Mwite,” alimwambia Kumud.

“Nini?”

“Mwite jina. Kwa sauti ya nyumbani.”

Kumud alifunua uso, akamwita mwanangu kwa lugha ya kwao, sauti ikikwaruza: “Rani… Rani, beta.”

Sikio la kushoto likageuka.

“Aliyeshikwa na kifafa hasikii akiitwa,” Isihaka alisema. “Huyu anaota tu. Anaamka.”

Iliwachukua nusu saa nyingine. Kisha mbwa alinyanyua kichwa, akamtazama Mahendra bila hamu, akamtafuta Kumud mpaka akamwona, na akalalia mkono wa Isihaka akiudondoshea mate hadi kwenye kiwiko. Nje kwenye senyenge hapakuwa na mtu. Waliokuwa wanapita tu walikuwa wamepita.

Bwana Kendrick aliandika kwa mkono wake katika daftari kubwa: jike, mwekundu, kifafa, si kichaa. Akamwambia Mahendra kwamba mbwa huyu hana leseni na hana kibati shingoni, na askari hasomi daftari la Bwana Mifugo. Akionekana barabarani anatetemeka, atapigwa risasi kama wengine.

Wiki iliyofuata Kumud alikwenda bomani mwenyewe, Rani akiwa na bandeji tumboni. Isihaka alifuatana naye. Hakumwamini karani. Alisimama nyuma ya Eliezeri, karani wa leseni, na kumsomea herufi moja moja mpaka neno “kifafa” likaandikwa kwa wino, likakauka.

“Umeridhika, mzee?” Eliezeri aliuliza.

“Nionyeshe tena.”

Leseni ya mbwa, pamoja na kibati, ilikuwa shilingi sita, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya Rani kutopigwa risasi.